Kioo cha simu kina mistari? Anza hapa kabla hujamlipa fundi

Wakuu, kila wiki mezani kwangu anakuja mtu na simu nzuri, nyingine haina hata mwezi, ananionyesha mstari kwenye kioo na swali ni lile lile, "fundi, si waliniambia hii haikwaruziki, imekuwaje sasa, na mimi sijawahi kuiweka mfuko mmoja na funguo?" Na unamuona kabisa anaumia manake simu kajichanga miezi. Nimeamua niandike yote sehemu moja, dalili kwa dalili, kwa sababu mistari mingi ninayoonyeshwa hata sio mikwaruzo, na ile ya kweli mara nyingi mhusika ni mchanga, wakati watu wanahangaika na funguo.

Kwanza jipimie mwenyewe. Zima skrini, futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, alafu nenda dirishani au washa tochi ya simu nyingine na uilaze ili mwanga uje kwa ubavu. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Sasa chukua ukucha uupitishe taratibu kuukatiza mstari, usiufuate, ukatize. Hapo utapata jibu: mstari umeshafutika, au upo ila ukucha unapita tu kama hakuna kitu, au ukucha unagota. Kumbuka na moja kubwa kuliko zote, hakikisha unachokiangalia ni kioo cha simu na sio protekta, usicheke, watu wengi wamenunua simu ina protekta nyembamba ya plastiki imebandikwa tangu kiwandani na hawajui, papasa pembeni kabisa karibu na fremu utausikia ukingo wake. Kama ni hiyo ndo yenye mistari bandua tupa, chini kioo kinaweza kuwa kama kilivyotoka kwenye boksi.

Mstari wa rangi ya fedha, ukisugua unafifia

Hii ndo habari njema. Hapo kioo hakijakwaruzwa, ila chuma ndo kimechubuka kikaacha unga wake juu ya kioo, kama chaki kwenye ubao. Funguo za kawaida, sarafu, zipu ya begi, vyote hivi kwa kawaida ni laini kuliko kioo cha simu za sasa. Futa kwa kitambaa na spiriti kidogo utatoka.

Mimi nina kioo cha simu iliyokufa hapa mezani nakitumia kufundishia. Nachukua ufunguo wa kufuli nauburuza kwa nguvu mbele ya mteja mpaka anafumba macho, unabaki mstari mweupe unang'aa, nafuta na kidole, haupo. Hofu ya funguo tumeirithi toka enzi za simu za vitufe ambazo dirisha lake lilikuwa plastiki, ile kweli ufunguo ulikuwa unaichora. Hata iPhone ya kwanza, ilipoonyeshwa Januari 2007 ilikuwa na uso wa plastiki, na inasimuliwa kwamba Steve Jobs aliitembeza mfukoni pamoja na funguo ikajaa mistari, ndo akataka kioo, na ilipoingia sokoni Juni mwaka huo huo ilikuwa na kioo cha kampuni ya Corning ya Marekani, hicho ambacho leo tunakiita Gorilla Glass. Kwa hiyo suala la funguo lilishapatiwa dawa siku nyingi. La mchanga bado.

Mistari myembamba mingi, unaiona juani tu, ukucha hausikii

Hapa ndo penye kesi nyingi kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, alipanga madini kumi kwa ugumu, kanuni yake nyepesi tu, kigumu kinamkwaruza laini, laini hamkwaruzi kigumu. Namba 1 ni talki, ile inayosagwa kuwa poda, namba 10 almasi. Ukucha wako uko kama 2 na nusu, kisu cha kawaida 5 na nusu hivi. Vioo vingi vya simu vinaanza kuonyesha alama kwenye namba 6 na vinachimbika vizuri kwenye namba 7. Na namba 7 ni nani? Ni kwatzi, yaani yale mawe mang'avu ambayo yakisagika ndo mchanga wa mtoni, mchanga wa kujengea, na sehemu kubwa ya vumbi la barabarani. Punje moja usiyoiona kwa macho ni ngumu kuliko kioo cha simu ya milioni mbili. Ikikaa kati ya kioo na kitambaa cha mfuko, kila hatua unayotembea inasuguliwa.

Alikuja mama mmoja anayeuza dagaa, simu yake nusu ya chini ya kioo imepauka kabisa, mistari midogo midogo kama utando wa buibui, nusu ya juu safi. Akaniambia "mwanangu, hii simu nailala nayo kama mtoto, sijui nani kaiharibu." Nikamwomba, nikaigonga simu taratibu juu ya karatasi nyeupe upande wa spika. Zikaanguka punje, kama nane tisa hivi, na mbili zilikuwa zinang'aa. Nikabandika moja kwenye ncha ya kidole nikaiburuza kwenye kile kioo changu kibovu, ikatoa ule mlio wa kukwangua unaosisimua meno, na mstari ukabaki, nimefuta na spiriti haukutoka. Mama alinyamaza kidogo alafu akashika mfuko wa aproni yake akaukung'uta, vumbi likatoka. Dagaa wanaanikwa chini kwenye mchanga, mchanga unakuja nao sokoni, unaingia mfukoni, na simu inaishi humo humo, na nusu ya chini ndo inayoguswa na dole gumba siku nzima akipeleka pesa na kupokea, kwa hiyo kidole chenyewe ndo kilikuwa kinasaga ile punje juu ya kioo.

Kwa hiyo kama una dalili hii usimtafute mtoto wala hausigeli wa kumlaumu, chunguza mfuko, pochi, dashbodi ya gari, na lile kava. Ndio, kava, hasa lile la silikoni la kufunika mbele na nyuma, mchanga ukishaingia ndani hautoki, unakaa pale unafanya kazi ya msasa, livue kila wiki ulioshe na sabuni likauke ndo urudishe. Na usifute kioo chenye vumbi kwa shati, puliza kwanza au pitisha kitambaa chenye maji, manake ukifuta kavu unaburuza punje zote mwenyewe kwa mkono wako.

Kuna kitu nakipenda sana hapa kwetu, mchanga hauko sawa kila sehemu. Ule mweupe laini wa Paje na Jambiani kule Zanzibar kwa sehemu kubwa umetokana na matumbawe na magamba ya viumbe vya baharini, ni chokaa ile, ugumu wake kama 3 au 4, wenyewe hauwezi kukwaruza kioo kirahisi. Fukwe za Dar mchanga wake mwingi umeletwa na mito toka bara, kwatzi imejaa. Ila usije ukaifukia simu Paje kwa sababu nimesema hivi, kwatzi haikosekani kuchanganyika, na vumbi la njiani lipo tayari mfukoni kwako. Na wenzetu wenye pete, tanzanaiti ni kama 6 mpaka 7 kwa hiyo ina uwezo wa kuacha alama, rubi ni 9, almasi ndo usiseme, mkono wenye pete ya jiwe ukiupitisha kwenye kioo usishangae.

Sasa hii mistari ikishatokea inatoka? Hapana. Niseme wazi kwa sababu kuna video nyingi za dawa ya meno, magadi, mafuta ya kupikia. Mafuta yanajaza mstari kwa dakika tano unadhani umepona. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, ule unaosafisha meno, na kitu cha kwanza unachokiondoa kwenye simu ni ile rangi isiyoonekana ya juu inayozuia mafuta ya vidole, kwa hiyo umeongeza tatizo la pili. Poda ya kung'arishia vioo ipo kweli na inafanya kazi kwenye vioo vya magari, lakini kwa simu utasugua masaa, maji yataingia kwenye spika, kioo kitapoteza unyoofu, na ile ngozi yake ngumu utaila. Kwa mistari ambayo ukucha hauisikii, safisha kioo vizuri, bandika protekta ya kioo, ile gundi yake inaifunika mingi haionekani tena. Tiba yenyewe ndo hiyo.

Mstari mmoja mzito, ukucha unagota

Huu usiupuuze hata kama tachi inafanya kazi vizuri. Umewahi kumuona fundi wa vioo vya madirisha akikata kioo? Hakati. Anachora mstari mmoja tu juu, alafu anashika pande mbili anakunja kidogo, tak, kimefuata mstari. Simu yako imeshachorwa, bado kukunjwa tu, na kukunjwa kwenyewe ni kuikalia au kuidondosha.

Kioo cha simu nguvu yake iko kwenye ngozi. Kiwandani wanakizamisha kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, joto kama nyuzi 400, chembe ndogo za sodiamu zinatoka kwenye kioo na zile kubwa za potasiamu zinaingia nafasi zao, zinabanana, ule ubanano ndo unaozuia ufa usifunguke. Ila ngozi hiyo ni makumi tu ya mikroni (mikroni elfu moja ndo milimita moja), nyembamba kuliko milimita mara nyingi sana. Mstari usiosikika uko ndani ya ngozi, mstari unaogota unaweza kuwa umeshaitoboa. Ndo maana unasikia watu wanasema "simu imepasuka yenyewe, imeanguka hapa kwenye zulia tu." Haikupasuka kwa zulia, ilikuwa na jeraha la zamani, mara nyingi kwenye ukingo au pembe ambapo iliwahi kugusa zege miezi iliyopita na hakuna aliyeangalia.

Cha kufanya: bandika protekta ya kioo leo, weka kava lenye kingo zilizonyanyuka mbele ili kioo kisiguse meza, na usiiweke mfuko wa nyuma. Ufa wa kweli ukishaanza, yaani mstari unaotembea unaongezeka kila siku, hapo peleka kwa fundi mapema kabla unyevu haujafika ndani.

Mistari ya kijani, ya pinki, au weusi kama wino unaosambaa

Sio mkwaruzo. Pitisha ukucha, uso uko laini kabisa. Hiyo ni skrini yenyewe ya ndani au waya wake, protekta haisaidii chochote na yeyote anayetaka kukuuzia protekta kwa dalili hiyo muache.

Kidole hakiterezi, alama za mikono haziishi, kioo kimekuwa kama kimepakwa gundi

Weka tone la maji juu ya kioo kisafi. Likisimama duara kama tone kwenye jani la mgomba, ile rangi ya juu ya kuzuia mafuta ipo hai. Likilala likatambaa, imeisha. Inaisha kwa kusuguliwa na vidole na jasho, na inakimbia haraka zaidi ukisafisha kwa sabuni ya unga, jiki au hiyo dawa ya meno. Sio uharibifu wa kioo, hakuna haja ya kubadilisha kioo kwa ajili ya hilo, protekta mpya inakuja na rangi yake mpya na kidole kinarudi kuteleza.

Protekta imepasuka, inanyanyuka pembe, ina mapovu

Povu lenye punje katikati ni vumbi, povu tupu ni hewa, la hewa kwa protekta ya kioo likisukumwa taratibu kwenda ukingoni hutoka, la vumbi halitoki mpaka unyanyue utoe punje kwa selotepu. Pembe ikinyanyuka kila siku angalia kava, mara nyingi kava linaisukuma kwa chini, sio protekta mbovu. Na kwenye simu za kioo kilichojikunja pembeni, protekta ya kioo iliyo bapa haitakaa hata ubandike mara kumi, itabaki na kivuli pembeni na vumbi litaingia, hizo zinataka ya plastiki laini ile inayokatwa na mashine dukani kwa saizi ya simu yako, au ile ya gundi ya maji inayokaushwa na taa ya UV. Hii ya UV inakaa vizuri sana ila anayebandika akizidisha gundi inatiririka inaingia kwenye spika na vitufe, nimefungua simu za hivyo, sauti imekufa, kitufe kimeganda. Zibeni matundu kwanza, na kama anayebandika ana haraka nendeni kwa mwingine.

Protekta ikipasuka watu wanasema "imeokoa kioo." Inawezekana, sikatai, lakini mimi nakuwa mkweli kwa wateja wangu: protekta ni nyembamba, nyingi milimita 0.33 hivi, na kingo zake ziko wazi, kwa hiyo inapasuka kwa kishindo ambacho kioo chenyewe kingevumilia. Kazi yake ya uhakika ni kupokea mikwaruzo, huo mchanga tuliousema, na kwa hilo haina mpinzani. Ya kuanguka kwa sehemu kubwa ni kazi ya kava.

Na hii 9H iliyoandikwa kila boksi, watu wanadhani ni 9 ya Mohs, kwamba imekaribia almasi. Sio. Ni H ya penseli. Zile penseli za shule, HB, 2B, 2H, kuna kipimo cha kuburuza penseli kwenye rangi iliyopakwa uone kama inachimba, na 9H ndo penseli ngumu ya mwisho. Penseli hata iwe ngumu vipi haifiki kwatzi, kwa hiyo 9H haikuambii chochote kuhusu mchanga. Protekta ya kioo ni kioo tu, itakwaruzwa na kile kile kinachokwaruza simu, tofauti ni kwamba yenyewe unaibadilisha kwa bei ya chakula cha mchana. Na 11D, 21D, 100D ni namba za kuuzia tu, usiongeze hela kwa ajili ya hizo.

Baada ya kubandika, tachi nzito, fingaprinti haisomi, skrini haizimi ukipiga simu

Skrini isiyozima au inayobaki nyeusi ukiwa unaongea, angalia juu kwenye sensa, kile kijicho kinachohisi simu ikiwa sikioni, protekta imeifunika au kuna uchafu. Tachi nzito, simu nyingi za Samsung zina sehemu ya kuongeza usikivu wa tachi kwenye setingi za skrini, iwashe. Fingaprinti ya chini ya kioo ndo ya kuwa makini nayo. Zile zinazosoma kwa mawimbi ya sauti, kama Galaxy S10 ya 2019 na ndugu zake, hazipatani na hewa kati ya kioo na protekta, hata kidogo. Futa vidole vyote ulivyosajili, sajili upya juu ya protekta iliyoshikana vizuri na kioo pale kwenye sensa ya kidole, na kama bado haisomi protekta hiyo haifai. Mwaka huo huo wa 2019 iligundulika S10 zikiwa na makava fulani ya silikoni zinafunguka kwa kidole cha mtu yeyote, kwa sababu sensa ilishika michoro ya silikoni ikadhani ni kidole, mpaka Samsung wakatoa apdeti. Kwa hiyo ukishabandika, mpe mtu mwingine ajaribu kufungua simu yako kwa kidole chake, dakika moja tu, na simu ndo benki yako hiyo.

Simu za kukunja

Hizi sahau yote ya juu. Kioo cha ndani ni chembamba sana na juu yake kuna plastiki, namba 2 au 3 ya Mohs inatosha kuichora, ukucha wenyewe ukikandamiza unaacha alama. Ile plastiki usiibandue hata siku moja, mwaka 2019 wanahabari waliopewa Galaxy Fold ya kwanza kuijaribu, baadhi yao waliibandua wakidhani ni ile ya kiwandani ya kutupa na skrini zikafa hapo hapo. Ikianza kunyanyuka kwenye mkunjo peleka kwa mawakala wa kampuni.

Basi, uweke protekta au usiweke? Kama unashinda ofisini, simu inalala mezani, na hujali mistari miwili mitatu, acha kioo kiwe wazi, kinapendeza na kinateleza vizuri, sikulazimishi. Lakini ukiwa dereva wa boda, fundi ujenzi, mkulima, mama wa sokoni, mwalimu wa shule yenye uwanja wa vumbi, au unapanga kuiuza simu baadae, weka ya kioo siku ile ile unayoinunua kabla punje ya kwanza haijafika. Ukibandikia nyumbani zima feni, bafuni baada ya kuoga panafaa kwa sababu mvuke umelaza vumbi, futa na spiriti, kausha, pitisha selotepu mara mbili, angalia kwa tochi ya ubavu, ndo uachie protekta ishuke yenyewe.

Yule mama wa dagaa nilimbandikia, na sasa simu anaiweka kwenye kimfuko cha kitenge chenye zipu alichoshona mwenyewe, hakiingii kitu kingine. Amerudi juzi baada ya miezi minne, protekta imepauka nusu ya chini vile vile kama kile kioo cha zamani. Nikaibandua mbele yake, nikamulika chini, hakuna mstari mpya hata mmoja, nikambandikia nyingine.